Mzee wa Shaba Asiyeitikia

Bibi, pokea salamu za London, ambako mvua hainyeshi, inatutemea mate tu.

Jana binti yako, Shangazi Zuhura, alinipeleka kuona sanamu za bustanini. Miwani kaisahau nyumbani. Akamwona mzee amekaa kitini, akapiga goti: "Shikamoo, baba." Kimya. Akarudia kwa ukali.

Nikamsomea kibao kilicho chini ya sanamu ile. Mchongaji ni Mfaransa aliyeanza kama kibarua wa kukata mawe, akaishia kuchonga sanamu za wakubwa zilizowekwa kwenye miji mingi. Shangazi akasonya.

"Maisha yote anatengeneza wakubwa, na hakumfundisha hata mmoja kuitikia."

Shikamoo yake iliyokosa mwenyewe anakuletea wewe. Itikia kwa sauti, Bibi, huku tunasubiri.

Mjukuu wako, Rehema