Shemeji Donato Kagomewa Newark

Loredana, acha unachofanya usome hii.

Donato amekataliwa kuingia Marekani! Mume wa dada yangu, yule yule aliyetufundisha safari nzima ya ndege namna ya kujibu maswali ya uhamiaji.

Tulisimama watatu kwenye dirisha la uhamiaji, uwanja wa ndege wa Newark. Afisa akauliza tumekuja kufanya nini. Dada Filomena akajibu vizuri tu, ubatizo wa mtoto wa kaka yetu Enzo. Yangeishia hapo.

Lakini lile domo la Donato! "Na mimi nitamsaidia Enzo mgahawani miezi miwili. Pizza mnazokula huku ni aibu."

Dada akamkanyaga. "Angalia unapokanyaga wewe!" akamfokea, akaendelea.

Afisa: "Utalipwa?"

"Kidogo tu bwana, ya sigara."

Ya sigara, Loredana!! Kile kibali cha mtandaoni cha kuingia bila viza ni cha matembezi, kazi marufuku, na yeye ndiye aliyetuombea sote.

Anarudishwa Napoli kwa ndege ya jioni. Akitaka kuja tena, akaombe viza ubalozini.

Sasa sikia. Akamgeukia dada: "Haya, beba mabegi, twende nyumbani."

Twende!

Filomena akamtazama kama anatazama kombamwiko. "Aliyekuja kufanya kazi ni wewe. Mimi nimekuja kwenye ubatizo."

Akachukua begi lake akapita, hata hakugeuka nyuma.

Tuko kwenye gari la Enzo. Filomena kanishika mkono. Ameniuliza swali moja tu: "Miaka yote hii, huyo ndiye niliyekuwa namwogopa?"