Ulimi au Moyo

Jumanne. Theluji imegeuka tope tangu asubuhi. Chai imepoa mbele yangu.

Kazi yangu ni kuunganisha simu za wakalimani. Mgonjwa anapiga akiwa nyumbani, nesi yuko kwenye laini, mimi namtafutia mtu wa lugha yake, kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo sheria ya kwanza.

Wiki iliyopita bosi alinitaka nilinganishe lahaja za Kiamhari na za Kiuzbeki, aone kama mkalimani mmoja kwa kila lugha anatosha. Kiamhari hakikunisumbua. Tigist, mkalimani wetu, ni wa Addis Ababa. Akiletewa mzee wa Gojam au wa Gondar anacheka kidogo, anauliza neno moja, mambo yanakwenda. Kiuzbeki nacho nikakipima kwa kibaba kilekile. Nilisoma kwamba watu wa Khorezm, mbali na mji mkuu wao Tashkent, wana matamshi yao, kwamba "t" ya Tashkent mara nyingi kwao huwa "d". Nikasema, ah, hata sisi wa Mombasa na wenzetu wa bara tunapishana na bado tunaelewana.

Nikaandika: mmoja anatosha.

Leo akapiga bibi mmoja wa Brampton, mji wa jirani, yuko peke yake kwenye chumba cha chini. Rustam, mkalimani wetu wa Tashkent, akamwambia nesi kwamba bibi anaumwa na moyo, moyo wa huzuni. Nesi akauliza kwa upole kama amefiwa, kama ana mtu wa kuzungumza naye. Bibi akarudia neno lilelile. Dil. Dil. Kila akilirudia, sauti ilizidi kuwa nzito, kama mtu mwenye tonge kinywani.

Tashkent, ulimi ni til. Kwa watu wa Khorezm ile "t" ikigeuka "d", ulimi ni dil.

Nilijua, na nikanyamaza kwanza. Niliogopea kazi yangu, nasema kweli.

Kisha nikafungua kipaza sauti. "Rustam, samahani. Muulize kama ametoka Khorezm."

Ametoka huko.

"Basi si moyo. Ni ulimi. Muulize kama umevimba."

Umevimba, tangu alipomeza dawa mpya asubuhi. Nesi akabadilika sauti, ambulensi ikatumwa, laini ikakatika. Sisi hatuambiwi mwisho wa mgonjwa.

Rustam alinipigia baadaye. Kwao dil ni moyo, alisema, na maisha yake yote hajasikia vingine. Sina la kumlaumu. Aliyeandika kwamba mmoja anatosha ni mimi. Kesho bosi atataka kujua kwa nini nilifungua mdomo, nami nitamwambia aitupe ile ripoti, hata akinitupa nayo.

Nilipofika nyumbani binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake, mbona nimenyamaza hivi.

"Moyo unaniuma, mwanangu."

Akanitazama kifuani, akashika simu aite ambulensi.

Huyu naye, mimi mamake, nimempa Kiswahili cha wapi?