Picha Niliyokupiga Nkunga

Baba Tumpe wangu,

Ugonile, umeamkaje huko uliko? Hapa Tukuyu mvua haijakatika tangu asubuhi. Nimekaa sebuleni peke yangu na kamera yako mapajani, nikasema ngoja nimwandikie huyu mtu, maana nikiendelea kuongea peke yangu majirani watasema mjane wa mpiga picha amechanganyikiwa.

Unaukumbuka mwavuli? Miaka yote ile tukipanda na kushuka vilima vya Kisondela kwenda kupiga picha za harusi na kipaimara, kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli, tena juu ya kamera, siyo juu yangu. Tukirudi nyumbani nimelowa chapachapa, wewe unaanza kuifuta kamera, na unaifutia khanga yangu! "Wewe utakauka," unaniambia, "hii ikilowa ndiyo basi." Nilikuwa nanuna njia nzima. Leo ningelowa tu, mume wangu, wala nisingesema neno.

Halafu simu zikaja. Bibi harusi akawa anapigwa picha na ukumbi mzima, na yule bwana wa Mbeya aliyekuwa anatusafishia mikanda akafunga, akaanza kuuza makava ya simu. Watu wakakuuliza hilo dude bado unalo la nini. Ukawajibu, "Ninyi mna picha nyingi, lakini ukutani hamna hata moja." Hapo ulisema kweli. Tumpe ananitumia picha za wajukuu kila siku, nazitazama, simu ikijaa nazifuta. Lakini na wewe ulikuwa mkaidi. Ulibakiwa na mkanda mmoja tu, ukautia kwenye kamera, ukawa unaubania kama sukari ya mwisho kwenye kopo. Mwezi unakwisha umepiga picha moja, na ukiulizwa umepiga nini, unajifanya hujasikia.

Sasa ile siku ya Nkunga. Tulikuwa tunatoka kumjulia hali dada yako kijijini huko, jua limechomoza baada ya mvua. Ukasimama kando ya migomba, ukanivisha kamera shingoni, ukasema, "Leo nipige mimi." Nilishtuka. Maisha yako yote ulikuwa nyuma ya hiyo kamera. Picha yako pekee ilikuwa ya kitambulisho. Nikachungulia, nikakuona umesimama wima kama uko kituo cha polisi.

"Cheka bwana! Si wewe ndiye unayewachekesha watu?"

Nikabonyeza, na palepale kukawa giza, halafu nikakuona tena. Nikadhani nimeiharibu. Ukaniambia ndivyo zilivyo hizi kamera: ndani kuna kioo, ukibonyeza kinaruka juu, kwa hiyo ile nukta picha inapoingia, mpigaji haoni kitu. "Sasa ulicheka au hukucheka?" nikakuuliza. Ukasema, "Subiri mkanda uishe, utaona."

Mkanda ulibakiza picha tatu, wewe ukaondoka.

Msibani wakatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Wakakuza ile ya kitambulisho, umekunja uso kana kwamba tumekukosea sisi. Mimi nikasema huku nalia, "Ipo nyingine nzuri, imo ndani ya kamera." Kosa langu ni hilo. Mkwe wetu, mume wa Tumpe, mtoto wa mjini aliyekulia kwenye simu, akadhani ananisaidia. Akaichukua kamera, akavuta kile kitufe cha juu, mlango wa nyuma ukafunguka mchana kweupe, mwanga ukauunguza mkanda. "Mama, mbona hakuna picha, kuna utepe tu?" Niliona kama nakuzika mara mbili. Lakini ningemfokea vipi? Mkwe, tena amesafiri kutoka Dar kuja kukuzika? Nikaufunga ule mlango, nikamwambia asante baba. Mpaka leo hajui alichofanya.

Na ni yeye huyohuyo aliyeupeleka mkanda Dar. Anasema huko wapo vijana wamezirudia hizi kamera, wanasafisha mikanda wenyewe, wanazisaka mpaka vijijini. Sikuamini. Wewe ungeringa mtaa mzima! Wiki iliyopita picha zikaja kwenye bahasha. Za mwanzo zimepona, kwa kuwa zilikuwa zimeviringika kwa ndani, mwanga haukuzifikia. Na zote, Baba Tumpe, ni mimi. Nachambua mboga. Nimesinzia kwenye kiti mdomo wazi, mkorofi wewe. Natoka sokoni kwenye mvua, nimejishikia mwavuli mwenyewe, sina habari kama unaniona. Nilicheka mpaka nikalia.

Yako ni nyeupe pe. Hata kiatu hakuna. Mkwe akaniambia kwenye simu, "Mama, nadhani mkanda ulikuwa umezeeka." Nikamjibu ndiyo baba, ulikuwa umezeeka.

Nimeitia kwenye fremu, nimeitundika hapa sebuleni. Jirani akaniuliza hiyo karatasi tupu ni ya nini, nikamwambia ni mume wangu. Akamaliza chai yake harakaharaka, akaaga.

Mkwe ametuma na mkanda mpya. Nimeutia mwenyewe kwenye kamera kama ulivyonifundisha. Picha thelathini na sita, na nyumba nzima nipo mimi tu. Nachungulia kiti chako, nachungulia mlango, migomba inachuruzika maji, kisha naiweka chini sijabonyeza. Nampiga nani?

Ndaga fijo, asante sana, kwa zile picha zangu. Sikujua kama ulikuwa unanitazama hivyo.

Lakini nikifumba macho nairudia Nkunga. Nakuona kabla sijabonyeza, umenuna. Nakuona baada ya lile giza, tayari unainama kupangusa tope kwenye viatu. Hapo katikati ndipo sina kitu, na sasa hakuna wa kumuuliza ila wewe. Ulicheka, baba? Hata kidogo?

Mkeo, Mama Tumpe,
mshika mwavuli wako.