Nyika Isiyoguswa

Windhoek, Jumapili

Kwako dada yangu Lisbet,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi Paulina, na kwamba mguu wake umepata nafuu. Mbuzi je, wameshazaa? Mimi mwili u mzima. Moyoni ninayo mengi, na baadhi yake hayatakupendeza.

Kamati ya matuta ya mchanga ilikutana Jumatano, nami nilitumwa na ofisi yangu. Inataka mchanga wote ulio ng'ambo ya mto Kuiseb utangazwe kuwa nyika isiyoguswa: pasiwe na mkokoteni wa punda, pasiwe na kambi, pasivunwe hata tikiti moja la nara. Mwenyekiti, Bwana Terblanche, alivaa viatu vya jangwani ambavyo havijawahi kuonja punje ya mchanga, akauzungumzia ukimya wa matuta kana kwamba ameuvumbua yeye. Kando yake aliketi mtaalamu mgeni aliyetuonyesha picha na kutuambia, kwa sauti ya padri, kwamba hapo mwanadamu hajaacha alama. Dada, kwenye pembe ya picha ile palikuwa na maganda ya nara, rundo zima, na majivu ya moto! Nilicheka kwa sauti. Terblanche akauliza kama binti yule ana kichekesho cha kutugawia. Nikamjibu kwamba mtaalamu wake amepiga picha jiko la watu akaliita nyika. Mtaalamu aliikodolea macho picha yake, kisha akauliza kama yale hayakuwa mavi ya mnyama.

Usinielewe vibaya. Matuta yanahitaji ulinzi. Wewe mwenyewe uliniandikia jinsi vijana wa mjini walivyovikanyaga vichaka vya shangazi kwa pikipiki zao za magurudumu manne, hata akawaita nguruwe waliofunzwa kuendesha. Sheria ya kuwafukuza hao ningeitia saini leo. Huenda hata wanakamati ninawadharau kupita kiasi, kwa kuwa wanakipenda kweli wanachokipenda. Ila wanakipenda kama mtu anayemposa mjane huku akitamani watoto wake wasingekuwepo.

Niliwaeleza kwamba kila kichaka cha nara kina ukoo wake, na kwamba mama alivirithi vyake kwa bibi. Terblanche akafungua kabrasha, akasoma matokeo ya utafiti wa miaka tisa iliyopita: kaya zote za bondeni ziliulizwa kama kuna watu kwenye matuta, na zote zikajibu hakuna. Kisha akaniuliza, akitabasamu, kama ninaitambua karatasi ile.

Ninaitambua. Niliiandika mimi, nikiwa mwanafunzi, siku zile nilipokuja na profesa nikiwa mkalimani wake. Bila shaka unakumbuka mjomba Efraim alivyonicheka: we mtoto, chuo kimekulevya? Mchangani anakaa nani? Watu tunakaa mtoni, mchangani ni shambani! Kila nyumba ilinijibu hivyo hivyo, nami nikaandika nusu ya kwanza tu, shamba nikaliacha. Miaka yote nimejiambia kwamba nafasi kwenye fomu ilikuwa finyu. Si kweli, au si kweli yote. Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu, na niliona haya ajue kwamba mama yangu anakula kutoka mchangani. Jumatano nimewacheka watu kwa kuamini nilichowaambia mwenyewe.

Nimeiandikia kamati kwamba utafiti wangu ulikuwa nusu ya ukweli. Ofisi yangu ikiniachisha kazi, sitashangaa. Lakini barua haitatosha, na kura itapigwa tarehe kumi na mbili. Naomba uje na shangazi, mvitaje vichaka kimoja kimoja na wenyewe wake. Ukikataa, nitaelewa.

Nisalimie wote wa mtoni, na mjomba Efraim umsomee barua hii bila kuruka kitu. Mkija, mkalimani nitakuwa mimi, maana hawana mwingine. Kiingereza unakielewa vya kutosha: ukisikia nimelifupisha neno lako lolote, nikatize mbele yao.

Mdogo wako,
Albertina