Chupa ya Dirishani kwa Shedrack

Maalim Sefu, weka kitabu chini usome haya. Tumetoka hospitali na mjukuu wangu Zulfa. Ametia kinywani dawa ya kupe. Dawa ya kupe, Maalim!

Alhamdulillahi, aliitema kabla ya kumeza.

Ilikuwa dirishani kwa Shedrack, jirani yangu mfugaji, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Wajua nisivyomwamini mtu huyu tangu ng'ombe wake walipoingia kwenye ulezi wangu. Nilimwendea nimemshika Zulfa mkono. "Mzazi gani huweka sumu mahali pa maji? Ulimkusudia nani?"

Akanijibu kwa upole ulionizidishia shaka: "Shikamoo mzee. Kosa ni langu, sikatai. Lakini wanangu watano wanaipita kila siku. Wako alipanda ndoo akaifuata. Muulize alifuata nini."

Nikaona ananizungusha. Kwetu kisima kimefunikwa, visu vimefichwa, na jiko la mkaa halilali ndani hata baridi ikizidi!

Nikamuuliza Zulfa mbele yake, ili nimuumbue.

"Nilidhani kombe, babu. Rangi ni ile ile. Nikasema bismillahi kama ulivyonifundisha."

Kombe, Maalim. Zile aya ulizoniandikia kwa zafarani, nikaziosha, nikayatia maji yake kwenye chupa kama ile, dirishani, nikimnywesha kila asubuhi.

Shedrack hakucheka. Afadhali angecheka.

Na kombe la kwako umelitia kwenye chupa gani? Usinijibu kwanza. Inuka ukatazame, wajukuu wako wamo humo nyumbani.