Mkaa Uliokula Chakula cha Majani

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa sita imekaza, manyunyu tangu alfajiri, na Mlima Meru sijauona siku ya nne leo. Nimechoka, nimekasirika, na mikono inanuka mavi ya ng'ombe ingawa nimenawa mara tatu kwa sabuni.

Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Keshokutwa Bwana anarudi. Bwana ni Bwana Shamba, Mzungu ninayemsaidia katika ofisi ya kilimo hapa mjini. Wiki saba zilizopita alikwenda likizo pwani na mke wake, akaniachia funguo za sebule yake na sanduku kubwa la kioo lenye maji, samaki sita na majani. Akasema mbele ya makarani wote, chini ya picha ya Malkia, kwamba akirudi akayakuta majani yale ni ya kijani, jina langu ndilo litakalopelekwa kwenye kozi ya kilimo ya mwaka mzima. Nafasi ni moja. Nimeingoja tangu siku ya kwanza nilipovaa kaptura ya ofisi ile.

Majani yenyewe niliyaleta mimi; balaa nilijiletea mwenyewe. Niliyang'oa kwenye chemchemi karibu na Makumira, nikayafunga kwenye debe nyuma ya baiskeli, nikampelekea Bwana wiki mbili kabla hajaondoka. Yalikuwa manene, ya kijani kibichi. Alifurahi, akayapanda kwa mkono wake kwenye mchanga wa sanduku.

Sasa ni ya manjano.

Na mimi nilifuata karatasi. Hapo ndipo panaponichoma. Bwana aliniachia karatasi iliyopigwa chapa: kila Jumatatu, badilisha mkaa wa chujio. Si mkaa wa jikoni huu. Unatoka Ulaya ndani ya kopo, punje ndogo nyeusi kama mbegu za mchicha. Aliniambia kwamba umechomwa mara ya pili kwa mvuke mpaka ukawa na matundu yasiyoonekana kwa macho, na matundu hayo ndiyo yanayonyonya uchafu. Unaujaza kwenye kisanduku pembeni, unaweka pamba juu yake, na pampu ndogo ya umeme inapitisha maji humo usiku na mchana. Chini ya karatasi Bwana aliongeza mstari mmoja kwa kalamu: kila Jumanne, majani yapewe matone kumi ya chakula kutoka kwenye chupa ya kahawia.

Jumatatu mkaa, Jumanne chakula. Sikuruka hata wiki moja. Majani yalipoanza kupauka nikadhani maji hayajatakata vya kutosha, nikawa nabadilisha mkaa kila baada ya siku mbili. Maji yaling'aa mpaka ungeweza kusoma gazeti lililoko upande wa pili. Majani yakazidi kupauka.

Ni Mzee Aloisi aliyenifumbua macho jana mchana, tena bila kukusudia. Mzee Aloisi ni mpishi wa Bwana, Mchaga wa Kibosho, mtu mpole anayeongea na sufuria zake. Alikuwa amejipikia wali wa iliki, ukaungua chini. Akaweka vipande vitatu vya mkaa baridi juu ya wali, akafunika. Hilo kila jiko hapa linalijua, mkaa unaondoa harufu ya moshi. Lakini hakukaa hata dakika chache akafunua na kuvitoa.

Nikamwuliza haraka ya nini.

"Mkaa hauchagui, mwanangu," akasema. "Ukimaliza moshi, unakula na iliki yangu."

Nilisimama pale na sahani mkononi kama niliyepigwa kofi. Wiki saba. Wiki saba nimemwaga chakula cha majani ndani ya maji, na mkaa mpya, wenye njaa, umekaa pembeni unakimeza chote kabla mzizi haujaonja. Kila nilipoona majani yana njaa nikaongeza anayeyanyang'anya. Mimi, ambaye watu wa Moshono wananiita Bwana Samadi kwa vile nawahubiria mbolea kuliko mchungaji anavyowahubiria toba.

Ile karatasi ilipigwa chapa zamani, wakati sanduku lilipokuwa na samaki peke yao. Kwa samaki ni sawa kabisa. Majani yalikuja baadaye, Bwana akaongeza mstari wake kwa kalamu, na hakuna aliyesoma huo mstari pamoja na ule wa juu. Wala mimi.

Laiti ningeishia hapo. Kuutoa mkaa, kuweka matone, kungoja. Lakini zilibaki siku tatu tu, nami nilitaka kijani kabla ya Jumamosi.

Nikatoa mkaa wote. Nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe pale Kijenge, nikachota mavi, nikayakoroga kwenye ndoo na kuyachuja kwa kitambaa. Mzee Aloisi aliniona napita jikoni.

"Hiyo samadi imelala?" akauliza, yaani imekaa mpaka ikaoza na kupoa.

Nikamjibu kwamba ni kidogo tu, haina neno. Nikamimina.

Leo asubuhi maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi na sebule ya Bwana inanuka zizi. Samaki wanne walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, mmoja wao yule mwekundu ambaye mke wa Bwana anamwita kwa jina la dada yake. Nikavuta maji kwa mpira, nikajaza mengine niliyoyalaza kwenye ndoo, nikavuta tena. Nikakumbuka mkaa. Kwenye kopo ulibaki ujazo wa kiganja kimoja, maana mwingine wote niliutupa kwa ujinga wangu wa usafi. Nikauweka kwenye chujio na kuuomba, mkaa uleule niliokuwa nautukana jana, unywe kila kitu.

Umekunywa. Jioni hii maji yametakata, na samaki wanne wanaogelea chini kama kawaida. Kazi yake ndiyo hiyo, kusafisha kilichochafuliwa, kisha utolewe. Kesho nautoa.

Lakini kinachonikosesha raha si samaki.

Mwaka jana nilikwenda Moshono na karatasi nyingine, ya ofisi. Debe moja la samadi kwa kila shimo la mche wa kahawa. Mama Elirehema, mjane, alisimama na debe lake mkononi, akaniambia taratibu, "Baba, hii bado ni ya moto. Tuiache ilale kwanza." Nikamwambia karatasi haisemi kulala. Akatii. Miche arobaini ikaungua.

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye ripoti: mkulima hakufuata maagizo.

Alifuata, neno kwa neno. Na mwaka huu hakupewa miche mingine, kwa sababu ya mstari ule ulioandikwa na mkono huu huu unaonuka mavi.

Ripoti ipo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ninao mimi. Kesho asubuhi nitaufuta mstari huo, niandike uliotokea kweli, nitie sahihi, na niiache juu ya meza ya Bwana. Ataisoma Jumamosi, kabla au baada ya kuona majani ya manjano na samaki waliopungua, sijui. Najua atakavyoniangalia. Najua pia kwamba kozi haimpi nafasi mtu aliyeandika uongo kwenye ripoti. Inaniuma, siwezi kusema hainiumi.

Kesho saa kumi napanda Moshono, bila karatasi. Nitasema shikamoo, mama. Ataitikia marahaba, baba, kama anavyoitikia siku zote, na atanipa kigoda nikae.

Baada ya hapo sijui nitaanzia wapi.