Ndoa ya Chini ya Ngazi

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea hasira zangu. Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta asubuhi ya baridi? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna maradhi.

Umeuliza kwa nini kitindamimba wetu kaolewa mlangoni, kando ya pipa la taka. Acha nikueleze.

Ofisi ya msajili wa ndoa imehamia jengo jipya. Vioo vitupu, na ngazi za marumaru utadhani zinaelekea peponi. Lifti ipo, ila tangu utepe ukatwe haijabeba hata inzi. Wafagizi wanaanika matambara mlangoni pake. Njia ya mteremko ya viti vya magurudumu nayo ipo, huko nyuma. Inapanda, inapinda, inaishia ukutani. Ukutani, Kaka! Mtu kasomeshwa, kavaa kofia ngumu, kachora njia ya kuwapeleka wenye ulemavu ukutani, na wakubwa wakampigia makofi.

Msajili akaagiza kutoka juu kwamba bibi harusi abebwe. Mlinzi, mtu mwema, akakunja mikono ya shati. Bwana harusi, yule fundi wake wa kuchomelea, naye akainama atoe mgongo. Kitindamimba akawatazama, kisha akakifunga breki kiti chake cha magurudumu katikati ya mlango mkubwa.

"Sipandi mgongoni mwa mtu kama gunia," akasema taratibu. "Ngazi ni zao. Washuke wao."

Basi tukakaa. Waliotaka kuingia wakapenya ubavuubavu, wengine wakaona heri wabaki watazame.

Mkuu wa jengo akateremka, tumbo limemtangulia, akatuhubiria kwamba taratibu haziruhusu ndoa kufungwa nje ya ofisi. Mama akamuuliza kama taratibu hizo zinaruhusu ofisi kumfungia mtu nje. Akajikuna kisogo.

Hatimaye msajili akashuka na muhuri wake, kanuna kama mtoto aliyetumwa dukani. Ndoa ikafungwa pale pale, foleni nzima mashahidi. Nililia, sikufichi.

Yule mkuu hana haya. Alipoona kamera akaja mbio, akamwekea bibi harusi mkono begani, akitaka picha ya ofisi ikiwasaidia wasiojiweza. Kitindamimba akauondoa ule mkono kwa vidole viwili, kama anayetoa uzi kwenye nguo.

"Nimekuja kuolewa, mzee," akamwambia. "Sikuja kusaidiwa."

Ndiyo sababu humwoni mkuu huyo katika picha niliyokutumia.

Lifti bado imelala, usidhani wameona aibu. Ila msajili alipogeuka apande zake, wachumba waliofuata, wenye miguu yao minne mizima, wakamwambia kwamba nao hawapandi. Na waliokuwa nyuma yao vilevile. Siku ile alifungisha ndoa zote kando ya pipa la taka.

Nisalimie wifi na wale mapacha watundu. Mjomba Kipara anakusalimu, na Mama anakuombea kila apigapo magoti, ingawa goti lenyewe ndilo hilo. Mungu akutangulie kila mlango uuendeao.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua.